Kwa Nini Bakuli la Jirani Halirudi Tupu

Zamani sana, hapa milimani Upare, bakuli la jirani lilirudishwa limeoshwa likang'aa, na ndani yake hamna kitu. Hakuna aliyeona ubaya. Ubaya uliletwa na njaa, maana mwenye njaa husikia hata lisilosemwa.

Mwaka ule mvua iligoma. Bakuli likirudi tupu, mmoja alisema hawa wameshiba, mwingine akasema hawa wanataka tena, wa tatu akanuna kuwa amedharauliwa. Kila nyumba ilisikiliza tumbo lake. Milango ikaanza kufungwa.

Nakijwa, mjane mwenye binti mmoja aitwaye Nanzia, aliyaona hayo yote. Jiko lake lilikuwa limekwisha kupoa jirani yake Namcharo alipomletea makande. Mtoto akala, akapata nguvu za kusimama. Nakijwa akaosha bakuli, akafika nalo mlangoni, akaingiwa na hofu. Mlango wa Namcharo ndio pekee uliobaki wazi. Ukifungwa na huo, Nanzia haponi.

"Hili halirudi tupu," akasema, na mama yule akisema amesema.

Ghalani hamkuwa na punje. Akapanda mlima, akashuka makorongo, akapekua kila kichaka. Watu wakamcheka kwamba amekwenda kuchunga bakuli. Aliwaacha wacheke. Jioni, penye mwamba uliokuwa ukidondosha maji, akakuta mche wa mnavu, majani yake yakijaza kiganja tu. Aliporudi, Nanzia alinyoosha mkono. Moyo ulimuuma mama, ukamuuma sana, lakini hakulegea.

"Haya si yetu, mwanangu. Tukiyala, kesho hatuna mtu."

Namcharo alipopokea bakuli aliyatazama majani yale. Yale makande yalikuwa ya mwisho nyumbani kwake, wala hakumwambia mtu. Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu kinywani.

"Kumbe na wewe unatuona," akasema, machozi yakimtoka.

Akabandika chungu, akaagiza Nanzia aitwe, wakala mnavu ule pamoja. Bakuli likawa linakwenda na kurudi, leo na majani, kesho na kiazi kimoja, mpaka mvua ikanyesha na wote wakiwa hai.

Na tangu siku hiyo bakuli la jirani halirudi tupu. Huna unga, tia chumvi. Huna chumvi, tia jani. Na wewe unayeona uvivu kurudi ndani kutafuta cha kutia, kumbuka kwamba ulipoletewa chakula hukuuliza kule kilikotoka kumebaki nini.