Yah: Umiliki wa Jogoo Aliyetokana na Diski Kutotambuliwa

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na kompyuta katika ofisi ya tarafa. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, ikaheshimiwa, ikaachwa izeeke.

Basi diski yake ikafa. Ikafa Ijumaa, na Nyamizi anaolewa Jumamosi, na kibali cha ndoa hakijachapwa. Kiandikwe kwa mkono? Waraka umekataza. Diski mpya ikaletwa, ikapachikwa. Kompyuta ikasema: hakuna diski.

"Ipo! Si hiyo hapo!" akalia Nyamizi, hina haijamkauka mikononi, kwapani jogoo mwekundu wa kupelekea wakwe. "Atakayeifanya ionekane, jogoo huyu ni wake."

Kaluse, fundi kompyuta, akachungulia. "Dada, diski haina kosa. Ile programu ya kiwandani inayoiamsha mashine ndiyo ya kale. Enzi zake diski zilikuwa ndogo. Ikiona kubwa namna hii, inajifanya haijaona. Ninayo mpya. Ila umeme ukiyumba nikiwa naiingiza, mashine ndiyo basi tena."

Na umeme wa pale huyumba kila mashine ya kusaga ya Mzee Chilongola inapounguruma. Nyamizi akamkimbilia, akampigia magoti. Mzee akazima mashine, na foleni ya akina mama imefika barabarani.

"We mzee, watoto wetu watakula harusi ya mtu?"

"Kuleni subira, wanangu."

Ikabaki idhini. Afisa Tarafa, Bwana Rugaimukamu, miaka yote alikataza programu ile isiguswe. Akamtazama Nyamizi. Akautazama waraka. Akavaa koti.

"Naenda kunywa chai. Nisichokiona siwezi kukikataza."

Afisa akanywa chai. Mzee akatukanwa. Fundi akaingiza programu. Kompyuta ikazimika, ikawaka, ikaiona diski. Kibali kikachapwa, na zogo likaanza.

"Jogoo wangu," akasema fundi. "Bila mimi mngeipeleka diski kwa mganga."

"Wangu," akasema mzee. "Umefanya kazi ndani ya kimya changu. Na kimya hicho kimenitukanisha mpaka marehemu mama."

"Wangu," akasema afisa. "Ninyi mmefanya mlichozoea. Mimi nimekaa kando, jambo ambalo afisa hafundishwi popote. Tena nimeinywa chai polepole, mpaka nilipochungulia dirishani nikaona mmemaliza."

"Kumbe ulikuwa unaona!"

"Nilikuwa naona nikiwa kwenye chai."

Wakabishana mpaka ofisi ikafungwa. Shauri likaahirishwa hadi Jumatatu, jogoo akabaki amefungwa mguuni mwa meza.

Haya, ninyi mliokaa mnasikiliza, amueni: yuko aliyegusa, yuko aliyenyamazisha, yuko aliyeondoka. Je, nani alistahili jogoo?

Kilichotokea ni hiki: Nyamizi aliolewa Jumamosi. Jumatatu asubuhi jogoo alikutwa na namba ya mali ya serikali bawani, kwa rangi nyeupe.