Mtaro wa Kapela

"Mtaro hausukumi mtu." Mmemsikia Bi Kalunde akimtupia kijana wetu Doto maneno hayo leo asubuhi, alipoingia uani na kiwiko kilichochunika, rimu ya baiskeli imepinda, naye anaapa kwamba kisa ni mtaro. Mmecheka, kisha mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, papa hapa mjini kwetu, kwenye kona ya kushukia sokoni, na mjinga wa siku hiyo alikuwa Kapela, mume wa huyo huyo Bi Kalunde. Hasingiziwi. Muulizeni mwenyewe, atawaambia: "Mjinga nilikuwa mimi, na ujinga wenyewe niliufanya kwa bidii."

Kapela, kama mjuavyo, ni Mnyamwezi wa asali. Anarina porini, anakamua nyumbani, kisha anafunga madumu kwenye keria ya baiskeli na kushuka nayo sokoni, polepole, kwa sababu asali haipendi kukimbizwa. Barabara ile ile alipita Pazi, Mzaramo aliyekuwa akiendesha fuso la kubebea tumbaku. Siku hizo hakuwa Pazi huyu mnayemwona akikuta baiskeli anapunguza mwendo kama anapita msibani. Pazi wa siku hizo akimwona Kapela mbele, humnyemelea kimya kimya mpaka mgongoni, anapiga honi ya kuamsha wafu, halafu anambana ukingoni huku ametoa kichwa dirishani: "Mtani! Pisha watu wenye magari!"

Na Kapela huyo, mtaroni.

Sasa, mtu mwingine angeokota jiwe. Lakini Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani hakasirikiwi. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Kwa hiyo Kapela, huku amekaa kwenye maji machafu na pedeli imemchoma ubavuni, alijilazimisha kucheka na kupaza sauti: "Nenda salama, mla kasa wewe!" Fuso limeshafika sokoni zamani, tusi linabaki linazunguka na nzi.

Sizya, fundi wa baiskeli, ndiye aliyekuwa akinyoosha zile rimu, na yeye hakudanganyika.

"Kapela, nenda polisi," alimwambia. "Hizi si ajali. Ajali haina ratiba."

"Nimshtaki mtani?" Kapela alishtuka kama ameambiwa amshtaki mama yake. "Siku nikifa, nani ataingia kaburini mwangu agome kutoka mpaka apewe chochote? Nizikwe kimya kimya kama mbwa?"

"Kwa mwendo huu," Sizya akasema, "kaburini atakusukuma yeye mwenyewe."

Kapela hakusikia. Ila alikuwa na tatizo moja: nyumbani alikuwa akifika ametapakaa matope, na Kalunde si mwanamke wa kupita pembeni ya matope bila kuuliza. Ndipo Kapela akaanza kuusingizia mtaro. Mara ya kwanza alisema mtaro unateleza. Mara ya pili, mtaro umechimbwa karibu mno na barabara. Mara nyingine akasema mtaro ule, mama Shija, una namna ya kuvuta. Uongo ukishatoka uani hauna mwenyewe. Ulipofika sokoni mtaro ulikuwa umeshaua ng'ombe, na ulipofika kisimani ulikuwa na jini.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mgalula, alikuwa mtu wa vitendo. Alipiga mbiu, akaita msaragambo. Watu walitoka na majembe, sepetu na mikokoteni, wakaufukia mtaro wa ile kona mpaka juu. Na nani alitoka jasho kuliko wote? Kapela! Alikuwa akishindilia udongo kwa visigino kama anayemuua nyoka, na watu wakampa pole. Angefanyaje? Kusimama pembeni kungezua maswali.

Mvua ikanyesha. Maji yalikuja na njia yao ya siku zote, yakaikuta imezibwa, yakaanza kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Sufuria zilielea. Kuku wa Kapela walilala juu ya kabati la vyombo, jogoo akawikia ndani ya sinia. Majirani walikuwa wakichota maji kwa ndoo kutoka vyumbani mwao huku wakifarijiana: "Afadhali hivi, kuliko lile dude linalovuta watu." Kapela alisikia, akainama, akaendelea kuchota.

Mvua ilipokatika, Kalunde aliamua kushuka sokoni pamoja na mumewe. Akapanda kwenye keria, dumu la asali mapajani. Walipokaribia kona, Kapela aliisikia ile ngurumo nyuma yake, akajua. Alitaka kusema, lakini aseme nini? Honi ikalia. "Mtani! Leo umebeba mzigo wa maana!" Bampa likagusa keria, kidogo tu, kama mtu anayekupigapiga begani.

Walirushwa wote wawili. Dumu likapasuka. Gurudumu la nyuma la fuso lilipita karibu na kichwa cha Kalunde kiasi cha kumrushia tope mdomoni, na kwa mara ya kwanza Kapela hakupata kicheko cha kujibu. Alitambaa mpaka kwa mkewe, akamshika kichwa, akakipapasa kama anayekagua nazi.

"Mama Shija, umeumia? Ni huu mtaro..."

Kalunde alitema tope, akatazama kulia, akatazama kushoto. Udongo tambarare, umeshindiliwa vizuri, alama za visigino vya mumewe bado zinaonekana.

"Mtaro upi, baba Shija?"

Kapela alizitazama alama za visigino vyake mwenyewe.

"Nyanyuka. Twende polisi."

"Mke wangu, yule ni mtani..."

"Utani ni wa mdomo. Nimezaliwa na watani, nimeolewa na watani wakiniimbia mlangoni. Utani wa bampa sijapata kuusikia."

Waliingia kituoni wanang'aa kwa asali, na nyuma yao nyuki. Afande Ndaki, polisi wa zamu, aliwasikiliza akiwa upande wa pili wa dirisha, amelifunga. Baadaye alijifunika kichwa kwa koti la mvua, akatoka, akaagiza Pazi aitwe kutoka kwenye ghala la tumbaku. Pazi alifika anatabasamu. Mzee Mgalula naye alifika, kwa kuwa pakiwa na jambo mwenyekiti hukosi kumwona. Sizya alikuja kutazama tu.

"Afande," Pazi alianza, "huyu ni mtani wangu. Mimi nampenda. Baiskeli inamshinda, basi. Kona ile ina mtaro mbaya, mji mzima unajua. Muulize mwenyekiti."

"Ni kweli," alisema Mzee Mgalula. "Tuliitana, tukaufukia. Kwa malalamiko ya Kapela mwenyewe."

"Umesikia, afande? Kwa mdomo wake mwenyewe!"

Afande Ndaki alimgeukia Kapela, nyuki mmoja ametua kwenye kofia yake. "Bwana Kapela, siku zote umewaambia watu ni mtaro. Sasa mimi nimkamate nani? Mtaro?"

Watu wakacheka. Kapela alimtazama Pazi, akaliona kaburi lake lisilo na mtani. Kisha akamtazama mkewe. Tope lilikuwa limeanza kukauka shavuni, upande ule gurudumu lilikopita.

"Ni fuso, afande," akasema. "Kila mara lilikuwa fuso. Mtaro nilikuwa nausingizia."

Pazi akapiga makofi. "Haya! Jana mtaro, leo fuso, kesho atasema ni nyuki! Afande, mimi nasema ni mtaro, mwenyekiti anasema ni mtaro, na yeye mwenyewe alisema ni mtaro. Tutashindana na mtaro mpaka lini?"

Afande akaiweka kalamu chini. Hata Mzee Mgalula alikuwa ameanza kutikisa kichwa kukubali. Ndipo Kalunde, aliyekuwa akimtoa mumewe nyuki sikioni, akainua uso.

"Mtaro tumeufukia, afande, umejaa udongo mpaka juu, na leo tumeanguka palepale. Mtaro hausukumi mtu."