Nyigu Waliotoka Kwenye Majani

Ndugu zangu, wekeni vitabu vya nyimbo chini mnisikilize. Leo sikuja kuwabembeleza.

Palikuwa na mama mmoja mwenye kitalu cha miche ya mikaratusi. Karibu kijiji kizima kilipanda miche yake. Mwaka wa pili majani yakaota vinundu, vikonyo vikavimba, matawi yakajikunja na miti ikadumaa. Watu walikuwa wameitegemea miti hiyo kusomesha watoto. Wakatafuta wa kumlaumu, na hawakuhangaika sana. Kulikuwa na bibi mmoja, mjane asiye na mtoto, na miti yake michache iliyopandwa zamani na marehemu mumewe haikuwa na nundu hata moja. Basi wakasema ni yeye, ameroga mashamba ya wenzake.

Mama wa kitalu aliposikia, damu ilimchemka. Bibi yule ndiye aliyempokea mtoto wake wa kwanza, siku uchungu ulipomkamatia njiani. Kijiji kilipokutana kujadili kumfukuza bibi, mama alisimama mbele ya wanaume.

“Mnamwonea mtu mzima kwa sababu hana wa kumtetea,” akasema. “Nipeni wiki mbili. Huyo mchawi wenu nitawaletea ndani ya chupa.”

Mwenyekiti akampa wiki mbili.

Alikuwa amewahi kumsikia bwana miti akieleza kwamba nundu kwenye jani huweza kuwa nyumba ya mdudu. Akapita mashambani, akachuma majani yenye vinundu, akayajaza kwenye chupa pana na kufunga midomo yake kwa kitambaa chembamba. Ya kwanza yakaoza, yakaota ukungu. Akamwaga, akachuma mengine, safari hii akatandika karatasi kavu chini. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, alizikagua chupa zake akinung’unika peke yake, akipanga maneno makali atakayowapiga nayo wale wanaume.

Siku ya tisa vinundu vikatoboka, vitundu kama vya sindano, na ndani ya chupa wakawa wanatembea nyigu weusi, wadogo kuliko punje ya ufuta. Mama alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa amewapata.

Lakini alitaka kujua wameanzia wapi, ili aseme mbele za watu bila kubabaika. Akaenda kitaluni, kwenye miche iliyobaki ya mzigo ule aliouleta kutoka mbali, uleule aliowauzia watu. Akapindua majani. Vinundu vilikuwepo. Vilikuwa vimekauka, na kila kimoja kilikuwa na tundu la zamani. Wenyewe walishatoka kitambo.

Akasimama pale. Akapitisha akilini shamba moja baada ya jingine. Kila shamba lenye ugonjwa lilikuwa na miche yake. Bibi peke yake ndiye hakuwahi kununua mche kwake.

Ndugu zangu, mngefanya nini? Msinijibu haraka.

Mama aling’oa ile miche yote, akaichoma moto.

Siku ya mkutano alikuja na chupa zake. Watu wakazishika, wakazigeuza, wakawaona nyigu kwa macho yao. Wengine walianza kuona haya. Bibi alikuwa ameketi pembeni na kanga yake kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu maneno yaanze, aliinua uso. Ndipo mwenyekiti akauliza, na aliuliza kwa upole kabisa.

“Mama, wadudu tumewaona. Tusaidie jambo moja tu. Mbona kwa bibi hawakwenda?”

Jibu lilikuwa sentensi moja. Kwa sababu bibi hakununua miche kwangu. Basi. Sentensi ya kumaliza kesi, kumrudisha mzee nyumbani kwake, na kukifunga kitalu.

“Hilo sijui, mwenyekiti,” akasema.

Mkutano ukanguruma. Kama hajui, basi wadudu wana aliyewatuma. Jioni ileile mabati ya nyumba ya bibi yalikuwa yameng’olewa. Kesho yake akaondoka na kifurushi kimoja, kwenda kwa binti wa dada yake. Alipopita kitaluni alisimama, akamshika mama mikono yote miwili.

“Asante, mwanangu,” akamwambia. “Wewe peke yako ulinitetea.”

Naona mmemkasirikia. Nawaona nyuso zenu. Mimi pia namkasirikia, na nimeandaa mfano huu wiki nzima nikiwa na hasira. Lakini nani kati yetu hajafanya hivi? Sisi ni hodari wa kupigania ukweli mradi uwe unamuumbua mwingine. Ukigeuka kututazama sisi, tunasema hatujui.

Kuna mwanamume ameketi humu ambaye majibu yake ya hospitali yamefichwa chini ya nguo kabatini. Ukoo wake wote unamwita mke wake tasa, naye anakula ugali wa mwanamke huyo kila siku, ananyamaza. Kuna mama hapa aliyemfukuza binti wa kazi kwa wizi, kisha akagundua mwizi ni mwanawe aliyemzaa, na hajamtafuta yule binti mpaka leo. Kwaya mnaimba vizuri. Na ninyi mnajua nani hasa aliyevunja ndoa mliyomsingizia mwenzenu akaacha kuja kanisani. Tunasali. Tunafunga. Tunatoa machozi hapa mbele. Na mtu fulani huko nje anatembea na kifurushi chake kwa sababu ya sentensi moja tuliyoimeza.

Leo sitawaombea. Ninyi hamhitaji maombi kwa jambo hili. Mnahitaji miguu. Nendeni mkaiseme hiyo sentensi, kwa yule inayemhusu na mbele ya wale waliomhukumu, kabla hamjala chakula cha mchana.

Milango iko wazi. Tokeni.