Kikapu Kilichopita Migongo Mingi

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya mtu anayesubiri chakula, si hadithi. Tena basi. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Sogeeni, nyoosheni miguu, na asiniulize mtu "halafu" kabla sijafika kwenye halafu.

Hapo zamani za kale, punda alipokuwa bado anaongea na watu bila kununa, palikuwa na mji uitwao Igombelo. Mji huo haukuwa na dhahabu wala mfalme wa kutisha. Ulikuwa na maghala ya mtama, na ulikuwa na wapagazi. Wapagazi wa Igombelo walikuwa watu wa kujidai, nanyi mngejidai kama mngekuwa wao. Walitwika vikapu wakaenda nchi za mbali, na popote walipotua mzigo wenyeji walisimama, wakataja kwa sauti jina la aliyeuleta, wakamchezea ngoma.

Walikuwa na desturi moja waliyoitunza kama mboni ya jicho. Walisema: kichwa kilichoutwika ndicho kitakachoutua. Ukishatwika mzigo wako Igombelo, humpokezi mwenzako njiani hata ukichechemea, hata ukitapika. Aliyepokewa mzigo njiani alichekwa mpaka na watoto.

Mkuu wao alikuwa mwanamke, Kalunde, mwenye shingo nene na mwendo wa kutikisa vumbi. Jina lake lilikuwa limetajwa katika nchi nyingi kuliko jina la mtu yeyote wa Igombelo, naye alilijua hilo na hakulificha. Na mdogo wake wa tumbo moja, Nyamizi, alikuwa ameolewa mbali, juu kwenye Milima ya Mawe Meusi.

Siku moja ndege hondohondo alitua juu ya ghala, akaita, "Kalunde, Kalunde, Kalunde."

"Naam, nakusikia. Sema."

"Mdogo wako amenituma. Ghala la mlimani limeungua moto. Mbegu zote za mtama zimekuwa majivu. Mvua ziko njiani. Mbegu zikifika kabla ya mvua, watapanda. Zisipofika, kila nyumba itafunga virago iende kuomba kwa watu, na kijiji kitakufa."

Kalunde hakuuliza mara mbili. Aliwakusanya wapagazi, wakajaza vikapu mpaka pomoni, wakatwika. Nyuma yake alitembea mzee Mihambo, mpagazi mkongwe kuliko wote, mkali kama pilipili kichaa, ambaye ndiye aliyemfundisha Kalunde kutwika.

Wakaingia mbugani. Mbuga ile ilikuwa pana, haina mti wa tunda wala kijiji cha kuomba uji. Njaa ikawashika. Wangekula nini? Walichota mbegu vikapuni, wakakaanga, wakatafuna. Mpagazi mmoja alilegea, mwenzake akanyoosha mikono ampokee. Mihambo akamwambia, "Acha. Kichwa kilichoutwika ndicho kitakachoutua."

Wakafika mtoni. Maji yalikuwa mengi, wakakaa kungoja yapungue, na kungoja nako kuna njaa yake. Wakachota tena, wakatafuna. Mihambo akasema, "Kichwa kilichoutwika ndicho kitakachoutua."

Wakafika kwenye genge, ukuta mzima wa mawe meusi. Walipanda huku wakiteleza, wakapumzika kila mahali penye nafasi ya kukaa, na kila walipopumzika walichota. Mihambo hakusema kitu safari hii, maana na yeye mdomo ulikuwa umejaa.

Walipotua mizigo mlimani, katika kila kikapu mlikuwa na mbegu za kujaza viganja tu. Nyingine zote walikuwa wamezila wao, wale wale waliozibeba.

Nyamizi alichungulia vikapu. Aliangalia hiki, akaangalia kile, akaangalia cha dada yake. Aliwaita watu wa mlimani, waliokonda mpaka mbavu zinahesabika, wakasimama, wakataja majina ya wapagazi mmoja mmoja, wakawachezea ngoma kwa miguu isiyo na nguvu. Desturi ni desturi. Kisha wakawachemshia mboga za mwituni wasirudi na njaa.

Kalunde alikuwa amechezewa ngoma nyingi maishani, lakini ile ilimchoma. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Asante, dada," Nyamizi alimwambia. "Umefika."

"Nimefika mimi," Kalunde alijibu. "Mbegu hazikufika."

Wakaanza kurudi. Waliposhuka gengeni, Nyani aliwapita akipanda, akawapita tena akishuka, akawapita mara ya tatu akipanda, anatafuna matunda ya mwitu yaliyoota katikati ya mawe.

"Mama Kalunde," Nyani alisema, "mbona mnatembea kwenye sebule yangu kama watu wanaokanyaga mayai?"

Mtoni, Kiboko aliibuka, akavuka, akarudi, mdomoni ana majani ya ukingoni. "Bado mnavua viatu?" akauliza.

Mbugani, Punda alikuwa anatembea huku anakula nyasi zile zile alizokuwa anazikanyaga. Hapo Kalunde alisimama ghafla, Mihambo akamgonga mgongoni.

"Mzee wangu," Kalunde alisema, "huyu anakula njia. Sisi tunakula mzigo."

Mihambo aliguna. Kalunde aliendelea kusema, kana kwamba anaongea na mbuga nzima. "Punda anashiba mbugani. Kiboko anashiba mtoni. Nyani anashiba gengeni. Kila mmoja akibeba kipande chake tu, hakuna atakayegusa mbegu."

"Unataka mzigo wa Igombelo uhame kichwa?"

"Nataka ufike."

"Na uupeleke kwa Nyani?" Mihambo alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Nyani, anayefukuzwa mashambani kila msimu? Mimi mkono wangu haumo."

Kalunde hakubishana. Aliongea na Punda, Punda akakubali. Aliongea na Kiboko, Kiboko akakubali kwa kupiga mwayo. Aliongea na Nyani, na Nyani akaacha kutafuna, maana hakuna mtu aliyewahi kumwomba alinde chakula. Mwisho akasema, "Nitabeba."

Kalunde akasukisha vikapu vyote kipimo kimoja, vyenye mifuniko, vinavyokaa sawasawa kwenye mgongo wa Punda, wa Kiboko na wa Nyani, mbegu zisimwagwe kila mahali pa kupokezana. Akajenga kibanda ukingoni mwa mto na kingine chini ya genge. Kisha akabaki ghalani. Mkuu wa wapagazi, kichwa kitupu, mikono mitupu. Watu walipita wakicheka pembeni, na yeye aliinua shingo akawaacha wapite.

Mnadhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo? Hayakunyooka. Punda alitaka kuonyesha ujuzi wake. Akaenda mbio, akarudi mbio, akaenda tena, mpaka vikapu vikarundikana mtoni, vikajaa kibandani na vingine vikalala nje. Kiboko hakuwa na mgongo wa kuvimaliza. Ngiri wakaviona, wakafumua viwili, wakala.

Kalunde alikwenda mtoni mwenyewe. "Punda, ndugu yangu, mbio zako ni nzuri, lakini zinawalisha ngiri. Sikiliza. Kikapu kitupu kikirudi kutoka mbele, ndipo upeleke kilichojaa. Kitupu kisiporudi, usipeleke. Kula nyasi, subiri."

"Nisubiri?" Punda alisononeka. "Mimi?"

"Wewe. Tena hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi, ndiyo maana nakupa wewe."

Punda aliinua masikio, akaridhika. Kuanzia hapo ikawa kitupu kinashuka, kilichojaa kinapanda. Kitupu kinashuka, kilichojaa kinapanda. Kitupu kinashuka, kilichojaa kinapanda. Kalunde alikaa ghalani, na kwa vikapu vitupu tu aliijua hali ya njia nzima kana kwamba ana macho kule juu. Moyo wake ukaanza kujaa fahari mpya, ambayo hakuizoea.

Halafu vitupu vikaacha kurudi.

Alingoja. Kimya. Mawingu yalikuwa yamefunika milima. Mihambo alikuja akasimama mlangoni mwa ghala, mikono mgongoni.

"Nilikwambia," alisema. "Nyani ameshiba."

Kalunde aliinuka. Aliwaza juu ya Nyamizi amebeba virago, anaomba mlangoni kwa watu. Lakini alisema tu, "Twende tukaone, mzee wangu. Kama ni kweli, utanicheka huko huko."

Wakaenda. Mbugani wakamkuta Punda. "Nilipokea kimejaa, nikapeleka kimejaa," Punda alisema. Mtoni wakamkuta Kiboko, akawavusha. "Nilipokea kimejaa, nikapeleka kimejaa," Kiboko alisema. Chini ya genge Nyani hakuwepo. Mihambo alikohoa kikohozi cha ushindi, wakaanza kupanda.

Juu, ukingoni kabisa mwa genge, vilikuwapo vikapu. Vingi, vimepangwa vizuri, mifuniko yake imefungwa. Na juu yake alikaa Nyani, amekonda, macho mekundu, fimbo mkononi. Kanga walikuwa wamemzunguka wakingoja asinzie.

Mihambo alifungua kikapu. Kimejaa. Akafungua kingine. Kimejaa. Akafungua cha tatu, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa polepole.

"Hujala hata punje," alisema.

"Nilipokea vimejaa," Nyani alijibu. "Kipande changu kinaishia hapa. Wenye miguu ya kutembea walikuja wakachukua vyao, mbegu wameshazipanda. Hivi ni vya nyumba za mbali, za wazee. Wao hawawezi kuja, na mimi nikiondoka kanga watakula. Hakuna aliyeniambia nani anavifikisha milangoni. Kwa hiyo sikushuka hata kula."

Kalunde aliona aibu, na alistahili kuiona. Alipanga mbuga, akapanga mto, akapanga genge, akasahau kipande kile kifupi cha mwisho, kutoka gengeni mpaka mlangoni kwa bibi kizee. Na tone la kwanza la mvua likamwangukia begani.

Kabla hajafungua mdomo, Mihambo alikuwa amevua shuka yake ya begani. Aliikunja, akaizungusha ikawa ngata, akaiweka kichwani. Mzee yule, ambaye hakuwahi kugusa mzigo ulioanzwa na mwingine, aliinama mbele ya Nyani.

"Nitwike," alisema.

Nyani alimtazama Kalunde, Kalunde akatikisa kichwa kukubali. Nyani akainua kikapu kwa mikono miwili, akamtwika.

"Kipande hiki ni changu," Mihambo alisema. "Mama, shika kingine. Wewe Nyani nenda ukale, umekonda."

Walizunguka vilima vyote, nyumba kwa nyumba, huku mvua inaongezeka. Nyamizi aliwakuta njiani, akatwika na yeye bila kuuliza. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi Ndalu, kikongwe asiyeona vizuri, aliyekuwa ameshafunga mkeka wake tayari kuhama. Mihambo akatua kikapu miguuni pake. Bibi Ndalu aliingiza mkono, akapapasa mbegu, akaanza kulia.

"Haya mkeka nitaufungua," alisema. "Na wewe uliyeleta, nani jina lako nilitaje?"

Kalunde alimtazama mzee wake. Alijua kwamba kwa ajili ya kutajwa hivyo Mihambo alikuwa ametembea maisha yake yote.

Mihambo alijinyoosha, mvua inamtiririka shingoni. "Bibi, una pumzi ya kutosha?" aliuliza. "Maana ni majina mengi. Anza na Kalunde aliyeipanga njia. Mtaje Punda. Mtaje Kiboko. Halafu mtaje Nyani, na huyo mtaje kwa sauti kubwa, asikie huko gengeni. Mimi nimekitoa pale karibu tu."

Bibi Ndalu alivuta pumzi, akayataja yote. Kalunde alisimama kwenye mvua, shingo juu, akalisikia jina lake likipita pamoja na majina ya wenzake, na huko gengeni Nyani akaitikia.

Na mimi kipande changu cha hadithi kimeishia hapa. Mwenye masikio ameshakipokea, akapeleke.