Tairi Huzeeka Limelala

Tairi huzeeka limelala. Neno hili siku hizi linasemwa na kila mtu, hata wasio na baiskeli, lakini anayejua lilikotoka ni mimi. Katika milima hii yetu ya Upare hakuna anayezijua habari za matairi kunishinda. Ukiwatoa wenye pikipiki, bila shaka. Na mafundi. Na mbuzi wangu mmoja, sasa ni marehemu, aliyewahi kula robo ya tairi akaishi miezi minne.

Wajukuu zangu wawili, Nakundwa na Yeremia, walilisikia kanisani. Mzee Abinadabu, aliyeacha kuimba besi miaka kumi na miwili iliyopita, alirudi kwenye kwaya akitaka apewe kuimba peke yake sikukuu ya mavuno. Alisema sauti yake ni mpya kwa sababu hakuitumia. Akaijaribu. Mwalimu wa kwaya alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia mbele ya watu, "Mzee wangu, tairi huzeeka limelala." Watu wakacheka, Mzee Abinadabu akanuna, na mchana wajukuu wakanikuta nyuma ya nyumba nikipukuchua maharage. Yeremia akawafukuza kuku kwenye tairi bovu wanalotagia, akalikalia. Nakundwa akaketi kwenye majani.

"Bibi, tairi linazeekaje limelala?"

"Pukuchueni," nikawaambia. "Mdomo wangu hauendi kama mikono yenu imesimama."

Walipoanza kupukuchua, nami nikaanza. Na methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mjane mmoja hapahapa kijijini. Jina lake siwatajii, maana yu hai na ana mdomo. Mumewe aliuza mtamba akanunua pikipiki iliyotumika, kisha akaifunga matairi mawili mapya, meusi ti, yale yenye vinywele vya mpira vilivyosimama kama ndevu za mbuzi. Aliyafunga Jumamosi. Jumatatu akalala na homa, na kabla maharage hayajang'olewa tukamzika. Pikipiki hakuiendesha hata kufika kanisani.

Yule mjane akaiingiza ghalani, akaifunika magunia. Wanunuzi walikuja, akawafukuza. "Pikipiki ya mume wangu," alisema, "itashuka mlima siku ya jambo la maana." Na kila Krismasi aliifunua, akaifuta vumbi, akayapaka matairi mafuta ya mgando, yaleyale aliyopaka miguuni mwake. Aliyapaka polepole, kotekote, ungedhani ni mtoto anapelekwa kubatizwa. Ikapita miaka kumi na mmoja.

Mwaka huo akakubali kijana jirani yake, aitwaye Mbonea, aifufue. Mbonea alishinda nayo juma zima. Akatia betri mpya, akamwaga oili ya zamani, akasafisha kabureta, akanunua na mipira mipya ya ndani. Ikawaka, ikatoa moshi mwingi kama jiko la kuni mbichi. Matairi hayakuulizwa. Matairi si yalikuwa mapya?

Sasa Mbonea alikuwa na shemeji yake, mke wa kaka yake, jina lake Nankondo. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Mwaka uliotangulia alikuwa amejifungua mtoto asiyelia, na kijiji kizima kilikwenda naye kumzika mtoto huyo. Ijumaa moja asubuhi nesi wa zahanati akampima presha, akaitazama ile miguu iliyovimba, akapima tena. Akasema, "Leo, Nankondo. Kesho usiniambie. Kabla ya saa nane uwe umeshafika hospitali kule tambarare."

Kusema ni rahisi. Mvua ilikuwa imekata barabara kwenye kona ya tisa, na gari halikuweza kupita. Palipita pikipiki tu, tena kwa kuomba Mungu. Na bodaboda zote zilikuwa zimeshuka alfajiri na magunia ya tangawizi, hazirudi hadi jioni. Waendeshaji walipigiwa simu, hawakupatikana.

Yule mjane aliposikia, akafunga kanga kiunoni. "Siku ya jambo la maana imefika," akasema, akaenda kufungua ghala.

Pikipiki ikasukumwa hadi kwa fundi wa pancha ili ijazwe upepo. Huyo alikuwa Fundi Sekiete, mtu wa maneno machache, aliyekuja kwetu kutoka upande wa pili wa mlima miaka mitatu tu kabla ya hapo. Kibanda chake kilipakana na duka. Mimi nilikuwa pale dukani nikinunua chumvi, ndiyo maana niliona yote.

Fundi hakugusa pampu. Alichuchumaa, akaufuta ubavu wa tairi kwa kitambaa mpaka yale mafuta yakatoka, akabonyeza kwa ukucha. Alama ya ukucha ikabaki palepale. Akaweka goti, akaukunja ubavu kwa mikono miwili, na nyufa zikafunguka, nyembamba, nyingi, kama kisigino cha mtu mwezi wa tisa.

"Haya hayashuki," akasema.

"Hayashuki?" Mjane alipandisha sauti. "Wewe una macho kweli? Tazama hizi kashata za kukanyagia barabara zilivyosimama! Tazama vinywele! Tairi hili halijakanyaga hata mavi ya kuku."

"Naona, mama. Limezeekea ndani."

"Kitu kisichotumika kinazeekaje? Jembe la marehemu lilikaa darini miaka kumi. Juzi nimelishusha, linalima kuliko hayo mapya yenu."

Na watu wote waliokuwa pale wakaitikia kwa vichwa. Sisi ni watu wa kutunza. Jembe jipya linawekwa darini hadi la zamani liishe, blanketi jipya linawekwa sandukuni mpaka mgeni aje. Hakuna aliyewahi kutuambia kuwa kuna vitu visivyokubali kutunzwa.

"Jembe ni chuma," fundi akasema. "Mpira ni utomvu wa mti. Utomvu unakauka hata kama hakuna aliyeugusa. Na hayo mafuta mnayoyapaka yanaulainisha juu, ndani yanaula. Hivi matairi haya ni ya lini?"

Mjane hakupepesa jicho. "Mwaka juzi. Nimeyanunua mwenyewe, mwaka juzi."

Mbonea akaangalia vidole vyake vya miguu. Watu wa pale walijua, lakini nani angefungua mdomo? Nankondo alikuwa ameshaletwa na nesi, ameketi kwenye jiwe, anapumua kwa taabu, na kila mmoja alitaka matairi yale yawe ya mwaka juzi.

Fundi Sekiete akazungusha gurudumu taratibu, akasugua mahali kwa kidole gumba. Katikati ya maandishi marefu ya kiwanda palikuwa na kiduara kirefu kama punje ya haragwe, na ndani yake tarakimu nne.

"Tatu, moja, sifuri, sita," akasoma. "Hii ndiyo siku yake ya kuzaliwa. Wiki ya thelathini na moja, mwaka elfu mbili na sita. Mama, leo tuko elfu mbili kumi na saba."

Mjane akainama, akazitazama zile tarakimu kama mtu anayetafuta sindano.

"Labda ni bei," akasema.

Watu walicheka, hata yule nesi akacheka. Mjane yeye hakucheka. Akashika usukani wa pikipiki kwa mikono yote miwili. "Basi ni ya zamani. Ndiyo! Lakini tairi zima ni zima. Mimi ni wa zamani kuliko tairi hili na nimepanda mlima huu na ndoo kichwani. Jaza upepo, fundi! Mtoto hasubiri hesabu zako."

"Sijazi."

"Nitajaza mwenyewe!"

"Pampu ile pale. Ila nikiulizwa, nitasema nilikataa."

Hapo ndipo Nankondo alipoinuka kwenye jiwe. Alikuwa mpole, mtu ambaye ukimkanyaga yeye ndiye angekuomba radhi. Siku hiyo alisimama katikati ya wale wawili, mkono mmoja kiunoni.

"Mama, nakushukuru kwa pikipiki," akamwambia mjane. "Na wewe fundi, nakushukuru kwa macho. Sasa naomba gunia."

"Gunia la nini?"

"La tangawizi. Nesi kanipima leo, mimi na mwanangu tuna kilo sabini na moja. Lifungeni gunia la uzito huo hapo nyuma. Shemeji ashuke nalo mteremko wa shule, polepole. Likirudi, napanda mimi."

"Unapoteza muda, mwanangu!" mjane akasema.

"Mwaka jana nilizika, mama," Nankondo akajibu. "Mwaka huu sipandi kitu ambacho hakijapimwa."

Mjane akaachia usukani.

Wakapima gunia kwenye mizani ya duka, wakalifunga. Fundi akajaza upepo huku akimwambia Mbonea, "Ukisikia inayumba, iangushe upande wa majani. Usishindane nayo." Mteremko wa shule ni mfupi, una majani pembeni, na chini yake pana uwanja. Mbonea akashuka polepole kama bwana harusi. Akapita mti wa kwanza. Akapita kengele. Mjane akaanza kutabasamu, akatufungulia mdomo, "Mnaona? Mna—"

Mbonea akashika breki.

Mlio ulisikika hadi kanisani. Pikipiki ikalala kwenye majani, Mbonea akabingirika upande wake, gunia likapasuka, na tangawizi zikaporomoka kuelekea uwanjani kama watoto walioruhusiwa kwenda nyumbani. Wote tukakimbia. Mbonea akanyanyuka mwenyewe, kiwiko kinavuja damu, suruali haina goti. "Nipo," akasema. "Nipo."

Mjane hakwenda kwa Mbonea. Alienda kwenye gurudumu la nyuma. Kashata zilikuwa zimesimama vilevile. Vinywele vilikuwepo vilevile. Ubavu ndio uliopasuka, kutoka ukingo hadi ukingo, urefu wa kiganja, na mpira mpya wa ndani umetoka nje umechanika. Aliweka kidole kwenye ule ufa. Kisha akageuka, akamtazama Nankondo kule juu amesimama na mkono wake kiunoni, na akaona kile tulichokiona sote: bila lile gunia, saa hiyo Nankondo angekuwa kona ya tisa.

Akafika juu anahema. Akamkuta Fundi Sekiete ameinamia pikipiki yake mwenyewe, aliyokuwa akiiunda nyuma ya kibanda na bado haikuwa na injini. Gurudumu moja lilikuwa tayari chini. Alikuwa ameanza kulifungua tangu Mbonea alipowasha.

"Ya kwako ni ya lini?" mjane akauliza.

"Soma mwenyewe."

Akapiga magoti, akatafuta kile kiduara, akasoma kwa kutumia kidole, maana shule yake iliishia darasa la nne. Akaitikia kwa kichwa: mwaka elfu mbili kumi na saba. Kisha akabonyeza kwa ukucha, na alama ikarudi. Alishika spana aliyopewa, akabana palipotakiwa kubanwa, akavuta palipotakiwa kuvutwa, kanga ikawa nyeusi hadi kifuani. Waliivuta pikipiki ya marehemu kutoka uwanjani, wakaivua viatu vyake vya zamani, wakaivisha vya fundi, mbele na nyuma, wakatia na mpira mwingine wa ndani. Ikawekewa gunia jingine. Mteremko wa shule, kushuka na kupanda, mara mbili. Mara ya pili fundi mwenyewe ndiye aliyeendesha, na ndiye aliyesema atamshusha Nankondo, kwa kuwa kiwiko cha Mbonea hakikunjiki.

Mjane akakunja kanga yake safi mara nne, akaiweka kwenye kiti. Nankondo akapanda. Saa ilikuwa tano na nusu.

"Mama, usijilaumu," Nankondo akamwambia. "Ulilitunza."

"Nilidhani limelala tu," mjane akasema. "Kumbe tairi huzeeka limelala."

Wakashuka. Tulisimama pale tukisikiliza mlio ukizunguka kona moja baada ya nyingine, na ulipofika ya tisa tukaacha kupumua, na ulipoendelea tukaanza tena. Mtoto alizaliwa siku ya tatu, akalia hadi wauguzi wakaziba masikio. Ni yule Eliamani, ambaye bado hajajua kujifunga kamba za viatu lakini anawashinda nyie hesabu. Pikipiki mjane alimpa Mbonea, anaiendesha hadi leo, na kila mwaka anasoma ubavu wa matairi kabla hajasoma Biblia. Na neno la yule mjane likabaki kijijini. Binti akikaa na cheti chake kabatini miaka sita, anaambiwa. Mzee Abinadabu akitoa sauti yake sandukuni, anaambiwa.

"Basi," nikawaambia wajukuu. "Mmeelewa?"

"Tumeelewa," Nakundwa akasema. "Na chumvi, Bibi, uliinunua?"

"Chumvi gani?"

"Si ulikuwa dukani unanunua chumvi?"

"Aa, ndiyo. Nilinunua. Pakiti mbili."

Yeremia alikuwa amesimama kwa kuwa mguu wake umekufa ganzi. Akalitazama lile tairi la kuku alilokuwa amelikalia. Ubavuni lilikuwa na ufa wa urefu wa kiganja. Akachukua ganda la haragwe, akasugua mavi ya kuku, akainama, akasugua tena.

"Bibi," akasema polepole. "Hapa pameandikwa tatu, moja, sifuri, sita."

Nikalitazama. Maharage mikononi mwangu yakasimama.

"Labda ni bei," nikasema.

Nakundwa akafunika mdomo kwa viganja viwili. Yeremia hakucheka, alinitazama tu, kama Fundi Sekiete alivyonitazama siku ile. Hata kuku walinitazama.

Nifanyeje? Uongo ule wa chumvi niliuweka miaka yote hii bila kuutumia, nikadhani bado ni mpya. Tairi huzeeka limelala.