Ruta ya Mwakio

Mtu mmoja alikuwa na kompyuta iliyofanya kila kazi. Jina lake Mwakio, mwenye duka la steshenari katika mji mdogo wa milimani, na kati ya duka na nyumba yake palikuwa na ukuta wa mbao tu. Kompyuta hiyo iliandika barua za watu, ikachapa ratiba za mazishi na kadi za harusi, ikapiga nyimbo za kwaya, na ndiyo iliyopitisha mtandao hadi nyumbani. Aliipenda mno. Aliinunua wakati binti yake, Wakesho, alipokuwa shule ya msingi, na jioni zile alimpakata huku mtoto akizitafuta herufi za jina lake, moja baada ya nyingine, mama yake, Mghoi, akiwacheka kutoka jikoni. Zilikuwa siku tamu, tusidanganyane. Kompyuta ilikuwa na kazi chache, na mwenyewe vilevile.

Miaka ikapita. Wakesho akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, akawa anaruhusiwa kupiga simu, kwa mtandao, Ijumaa tu. Huku nyuma Mwakio akawa mwenyekiti wa hiki na katibu wa kile. Mji mzima ulimtuma, naye hakujua kukataa. Ikawa kila Wakesho akipiga, kompyuta imeelemewa na kazi za watu, mtandao unakwama, na Mghoi anabaki akiongea na simu iliyokwisha kukatika.

Fundi alimshauri anunue ruta, kifaa kidogo chenye kazi moja tu, kupitisha mtandao. Mwakio akabeza. Atoe pesa zake kwa kitu kisichoweza hata kuandika jina la mtu, na mashine yake inaweza yote? Lakini Ijumaa moja Wakesho alipiga akilia, na kabla hajasema kinachomliza, sauti ikakatika. Wiki nzima Mghoi alilala na simu mkononi. Mwakio akaona aibu, akanunua ruta.

Ijumaa iliyofuata sauti ya binti yao ilifika safi, kana kwamba amekaa mezani. Mwakio aliisikia kupitia ule ukuta, akiwa dukani anabana ratiba za mazishi ya mtu wa mtaa wa pili, na furaha ikamjaa. Alimsikia akimweleza mama yake kwamba alilia kwa upweke tu, kwamba alikuwa amezikumbuka jioni za nyumbani. Kisha akamsikia akiuliza:

“Na baba yuko wapi?”

Mghoi alijibu kama alivyozoea kujibu, kwamba baba ana kazi kidogo. Wakesho akasema hapana neno, kwa sauti ya mtu aliyeacha kutegemea jibu jingine. Mwakio alisimama na stepla mkononi, wenye mazishi wakimngoja mbele yake, mwanawe akiwa bado hewani nyuma ya mbao.

Nawe mwenye kazi nyingi, ni ipi kati ya hizo ambayo hakuna mwingine atakayeifanya kwa niaba yako?