Mtu wa Pili Darajani

Bisheni. Leo nataka mnibishie, na wewe mama pale nyuma uliyeanza kusinzia, bisha wa kwanza. Kulikuwa na Mwingereza mmoja, zamani, aliyechora Uchina kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini, na hakuwahi kuona hata vumbi lake. Mnaguna? Guneni, nitawashinda tu.

Alikuwa fundi wa kuchora sahani. Sahani zenyewe udongo wa kawaida, zimepakwa weupe wa madini ya bati ili zijifanye kauri za Kichina. Weupe ule, kabla ya kuingia tanuruni, ni mkavu kama unga. Brashi ikigusa tu, umeshainywa rangi. Hakuna kufuta.

Alichora nyumba yenye paa la pembe zilizopinda, daraja, na mtu darajani. Mmoja, siku zote. Wenzake aliwatambia, "Nimeishi kule miaka saba! Nimekunywa chai na mawaziri!" Wakamwita Mchina, wakamheshimu, na jioni wakaenda zao wawili wawili. Nani amkaribishe mtu anayejua kila kitu?

Siku moja akaingia baharia, Mchina kweli, mwenye Kiingereza cha kuokoteza bandarini. Akashika sahani, akaitazama mpaka fundi akalowa jasho.

"Bwana, hapa ni wapi?"

"Si kwenu huko, Uchina?"

"Kwetu?" Baharia akacheka taratibu, bila kebehi. "Daraja hili halifiki ng'ambo, bwana. Huyu atarudije nyumbani?" Kisha akamsogelea, akanong'ona, "Kesho tunang'oa nanga. Leo njoo tule wote. Mwaka wa tatu huu sijampata wa kumsimulia habari za kwetu. Nitakueleza, nawe utachora."

Wapendwa, mnajua fundi alivyotaka kwenda? Mguu ulishanyanyuka! Lakini wenzake walikuwa wanatazama.

"Wewe unifundishe Uchina? Mimi? Nenda kasugue meli yako!"

Wakaangua kicheko. Baharia akairudisha sahani kwa mikono miwili, akatoka.

Fundi akavuta sahani mbichi, akamchora mtu wa pili darajani. Brashi ikateleza, mtu akatokea amegeuza mgongo, anakwenda zake. Akasugua kwa kidole. Weupe ulishakunywa.

Na sisi je? "Sijui" ni neno la kupumua mara moja tu, lakini tuko radhi kula peke yetu miaka kumi tusilitamke. Si ndivyo? Mbona mmenyamaza?

Haya, kuna kipande nimekiacha. Mlidhani hii Biblia naisoma? Niliishia darasa la nne. Nasikiliza redioni, nakariri. Yule mzee fundi viatu wa hapo mlangoni mwa kanisa alinigundua. Akaniita pembeni: "Mwanangu, njoo jioni tule, nikusomeshe polepole." Nikamcheka mbele ya kwaya nzima. Juzi nimepita kwake, amehama.

Anayejua alikohamia, asiniandikie. Aniambie.